Gari la Shule Lipimwe kwa Daftari



Leo tuzungumze juu ya gari la shule. Watoto wengi wa vijijini huenda shule kwa miguu, lakini siku hizi kuna vijiji ambako gari hufika mpaka njia panda, na wazazi hulipa. Ukiuliza kama gari hilo ni zuri, mmoja atasema ndiyo, mwingine hapana, na wote wawili hawana ushahidi. Kitu tunachokilipia yafaa tukipime, kama tupimavyo mahindi kwa debe.

Twaeni daftari na kalamu, mpime mambo matatu kwa mwezi mmoja.

Kwanza, saa. Kila siku mzazi mmoja aandike saa gari lilipofika kituoni, na mwalimu wa zamu aandike saa lilipofika shuleni. Msiridhike na wastani. Gari likiwahi nusu saa leo na kuchelewa nusu saa kesho, wastani utasema limefika barabara, kumbe siku zote mbili limewasumbua watoto. Afadhali kuhesabu siku: katika siku 20 za masomo, ni ngapi lilichelewa kupita dakika 10?

Pili, gharama. Tuseme mzazi hulipa shilingi 40,000 kwa mwezi wa siku 20, yaani shilingi 2,000 kwa siku. Kama siku 4 gari halikuja, amelipia siku 16, na kila siku imemgharimu shilingi 2,500. Kama alimpa mtoto nauli siku hizo, aiongeze.

Tatu, usalama, nalo ndilo kubwa. Hesabuni viti, kisha hesabuni watoto wanaoshuka. Tazameni tairi, mikanda na mlango. Je, yuko mtu mzima wa kuwavusha barabara? Mto ukijaa, dereva husimama, au hujaribu kuvuka?

Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, mkoa wa Arusha, basi la shule lilitumbukia korongoni. Watoto walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 tu waliokoka. Tena Aprili 2024, mkoani Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua, tukapoteza watoto wengine.

Tazameni ya kuwa mambo haya matatu huvutana. Dereva akigombezwa kwa kuchelewa tu, atakimbiza gari. Mwenye gari akibanwa kwa bei tu, atawashindilia watoto watatu katika kiti cha wawili. Kwa hiyo yapimeni yote pamoja. Juu ya saa na bei mwaweza kupatana. Juu ya usalama hakuna mapatano, maana gari lililochelewa leo laweza kuwahi kesho, lakini mtoto aliyekufa harudi.

Mwisho wa mwezi ipelekeeni kamati ya shule daftari hilo, mseme na mwenye gari kwa upole. Asiposikia juu ya usalama, waendeeni askari wa usalama barabarani. Nanyi pia andikeni makosa yenu: mtoto aliyechelewa kituoni, na ada iliyolipwa nyuma ya wakati. Daftari la haki huandika pande zote mbili.

Watoto ni amana tuliyopewa na Mungu. Tuwalinde hata wakiwa njiani.