Mfuko wa bunduki: nunua wa bei ndogo, hela kubwa weka kwenye kasha



Kuna swali naulizwa sana na wale wenye mashamba yaliyopakana na pori. Mtu amehangaika na nguruwe pori na nyani misimu mitatu, amefuata taratibu, amepata leseni, amenunua shotgani yake ya kuvunja katikati, ile ya marisau. Sasa ananipigia: "Bwana shamba, ninunue mfuko gani wa kuibebea?" Halafu ananitumia picha ya begi la kifahari, mifuko kumi na mbili, mikanda kila upande, bei yake ukiisikia unakaa chini.

Wapo wanaoshangaa swali la bunduki kuja kwa afisa ugani. Mimi sishangai. Leseni, sheria na mafunzo ya kulenga hayo ni ya polisi na ya wataalamu wake, sitaingia huko. Lakini kubeba kifaa kutoka nyumbani mpaka shambani, kwenye bodaboda, kwenye vumbi na mvua ya masika, hilo ni jambo la shamba kama kubeba bomba la kupulizia dawa.

Msimamo wangu ni huu: mfuko laini ni wa safari tu, kwa hiyo usitumie hela nyingi hapo. Chukua wa bei ndogo au mpelekee fundi cherehani turubai akushonee. Hela inayobaki weka kwenye kasha la chuma la kufungia bunduki nyumbani. Vijana wengi wanafanya kinyume. Mfuko ni wa gharama, bunduki ikifika nyumbani inalala humo humo, nyuma ya mlango au juu ya kabati, na ndani ya nyumba kuna mtoto wa miaka sita ambaye anajua kufungua zipu kuliko wewe.

Hapo ndipo moyo wangu unapopiga. Zipu si kufuli. Hata ukiweka kakufuli kadogo kwenye vichwa viwili vya zipu, wembe mmoja unakata kitambaa, na mwizi hana haja hata ya kukata, anaubeba mfuko mzima kama begi la nguo. Silaha yako ikipotea, wa kwanza kutoa maelezo polisi ni wewe, na leseni ni ya jina lako. Ndiyo maana pia humwachii mlinzi wa shamba au kaka yako "aishike tu kwa leo". Leseni haiazimwi kama jembe.

Tukubaliane basi kwamba mfuko ni wa njiani. Uwe wa namna gani?

Kwanza vipimo, na hapa ndipo watu wanapoteza hela. Bunduki ya kuvunja yenye mtutu wa inchi 28 ikiwa nzima inafika kama sentimita 114 hivi. Ukibeba hivyo mgongoni kwenye bodaboda, inatokeza juu ya kichwa kama mlingoti na kila mtu barabarani anajua ni nini. Lakini bunduki hizi zimetengenezwa zifunguliwe kwa mkono. Unaondoa kile kibao cha chini ya mtutu, unavunja katikati, unanyanyua mtutu, unarudisha kibao kwenye mtutu wake kisipotee. Sasa kipande kirefu kuliko vyote ni mtutu wenyewe, sentimita 71 na kidogo. Mfuko wa ndani sentimita 78 mpaka 80 unatosha kabisa. Unakuwa mfupi, haupigi tawi, unakaa kwenye mapaja ukiwa ndani ya daladala. Zaidi ya yote, bunduki iliyofunguliwa vipande viwili haiwezi kufyatuka. Kwa mkulima anayesafiri na abiria wengine, faida hiyo ni kubwa kuliko mfuko wowote wa dukani.

Kabla hujaifungua ni lazima uvunje na uangalie chemba kwa macho, kisha upitishe kidole, kila mara, hata kama umeitoa risasi dakika mbili zilizopita. Ndani ya mfuko laini kitambaa kinaweza kubana kifyatuo, na kitambaa hakizuii chochote kikitoka. Risasi zibebwe kando, kwenye kikasha chake.

Pima mtutu wako mwenyewe, usichukue namba zangu kichwa kichwa. Ongeza sentimita saba, mwandikie fundi kwenye karatasi. Mwambie mfuko uwe na vyumba viwili, ukuta wa kitambaa kizito katikati, mtutu huku na kitako kule. Vikikaa chumba kimoja, chuma kinagonga mbao njia nzima na ukifika umepata alama za maisha.

Zipu izunguke pande tatu ili mfuko ufunguke wote kama kitabu, uuweke chini na uone kila kitu. Sipendi ile mifuko ya mtindo wa soksi, unachomeka bunduki nzima kwa juu na ukitaka kuitoa unaivuta. Mtu anavuta kuelekea tumboni kwake, haoni mdomo wa mtutu umeelekea wapi, na mkono unatafuta pa kushika karibu na kifyatuo. Hata kama ni nafuu, achana nayo. Na zipu iwe ya plastiki yenye meno makubwa. Ile ya chuma inakwaruza mbao, na ikiingia vumbi la barabara zetu inakwama ndani ya miezi miwili.

Mkanda ndio unaofichua mfuko mbovu. Tazama ulipoanzia. Ukiwa umeshonwa kwenye ukingo tu, utang'oka siku umebeba. Mkanda mzuri unazunguka tumbo la mfuko kwa chini kisha unapanda juu, yaani mzigo unakaa ndani ya mkanda badala ya kuning'inia kwenye nyuzi. Kwenye pembe ambako mdomo wa mtutu unakaa, ongeza kipande cha mpira wa tairi kwa nje, maana pale ndipo kitambaa kinapotoboka kwanza. Ukifanya haya yote kwa turubai la kawaida, kwa mafundi ninaowafahamu bado hufiki bei ya mfuko mmoja wa DAP.

Rangi: kahawia, bluu au nyeusi basi. Najua kijana anapenda yale mabaka ya kijeshi. Usiyaguse. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na mimi sioni sababu ya kwenda kubishana kituoni kwamba begi si nguo. Mfuko usiotangaza kilichomo ndani ndio unaofaa, hasa siku unayorudi sokoni na watu wanajua umeuza mpunga. Ndiyo maana hata begi la mtumba la gitaa dogo, lenye sponji nyembamba, linafaa kama vipimo vinakubali na ukashonea ukuta wa kati.

Sasa sponji. Wengi wanadhani ikiwa nene ndiyo nzuri. Nene inakinga kugongwa, sawa, lakini inakunywa unyevu na haiuachii. Ukirudi na mfuko umelowa mvua ukauacha umefungwa wiki moja, ni sawa na umeivisha bunduki shuka bichi. Kutu inaanza pale mkono ulipogusa kwa jasho, kisha inaingia ndani ya mtutu. Ngozi nayo ina mambo yake: dawa za kulainishia ngozi zinakula chuma kikikaa humo muda mrefu, na risasi zilizokaa kwenye mkanda wa ngozi utaziona shaba yake imeota ukijani. Mkanda wa ngozi ni wa kuvaa siku ile, si ghala.

Kuhusu ghala, kuna jambo ambalo duka la silaha halitakwambia, ila mimi ni la kwangu. Usiweke bunduki kwenye stoo ya pembejeo. Unajua mwenyewe mfuko wa urea au CAN ukiachwa wazi unavyovuta maji hewani mpaka mbolea inashikana kama jiwe. Vumbi lile lile likitua kwenye chuma linavuta maji juu ya chuma. Angalia bawaba za mlango wa stoo yako zilivyoliwa. Na ukisafirisha mbolea nyuma ya pikapu, mfuko wa bunduki usilale juu ya magunia.

Kasha lenyewe si lazima liwe la kutoka ng'ambo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea la bati nene, bawaba zikiwa ndani, kufuli limezibwa lisikatwe, na matundu manne ya kulifunga ukutani kwa bolti. Likiwa la kubebeka ni kazi bure. Kwa kuwa bunduki inafunguka, kasha la sentimita 85 linatosha, na hilo linapunguza gharama. Masharti ya utunzaji muulize ofisa aliyekupa leseni kabla hujamlipa fundi, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamhusu kila mwenye leseni, mkulima naye yumo.

Tena, kumiliki bunduki si kibali cha kuua mnyamapori. Kabla msimu wa uvamizi haujaanza, mwone ofisa wanyamapori wa wilaya akueleze kinachoruhusiwa kwenye eneo lako. Kwa tembo usifikirie kabisa, huko tunaongea uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki.

Ukifika nyumbani jioni: toa vipande, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, funga kwenye kasha, risasi mahali pengine penye kufuli lake, funguo ukae nazo wewe. Mfuko mtupu uanike kamba ya nguo, zipu wazi, ndani kwa nje.