Baiskeli ya Mtumba Ipimwe Kabla ya Kulipiwa

Katika Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, baiskeli si pambo. Hubeba maji, kuni na magunia, na humfikisha shuleni mwanafunzi ambaye kwao ni mbali. Mjini Bariadi na katika vijiji vya jirani, mkulima aghalabu huinunua baada ya mauzo ya pamba, na fedha ya namna hiyo hairudi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo kukosea kuchagua baiskeli ni hasara ya mwaka mzima.

Zamani uchaguzi ulikuwa mwepesi. Baiskeli kubwa nyeusi, kama vile Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China au Swala ya hapa nchini, zilifanana kwa umbo, na fremu zake zilikuja kwa vipimo vichache vya inchi, hasa 22 na 24. Siku hizi zimeingia pia baiskeli za mitumba, na miongoni mwake zimo baiskeli za mbio, zenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Hizi zilitoka katika viwanda vingi vya nchi nyingi, kila kimoja na desturi yake ya kupima. Mnunuzi huitazama rangi, huibonyeza tairi, hulizungusha gurudumu, kisha huuliza bei. Fremu haipimi. Huko ni kununua mbuzi ndani ya gunia, na shule za sekondari ndizo ziwezazo kulifungua gunia hilo.

Tuseme fremu imebandikwa namba 54. Namba hiyo ni urefu wa bomba la kiti kwa sentimeta. Lakini ni urefu wa kutoka wapi hadi wapi? Watengenezaji wote huanzia katikati ya mhimili wa pedali. Wengine huishia katikati ya maungio ya bomba la kiti na bomba la juu. Wengine huendelea hadi ukingo wa juu wa bomba la kiti. Kwa fremu ileile, njia hizi mbili huweza kupishana kwa sentimeta 1 hadi 2. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amesema kweli juu ya kitu kingine. Hili ndilo somo la kwanza la sayansi: kipimo kisichotaja mwanzo na mwisho wake bado si kipimo.

Tangu miaka ya 1990 jambo limezidi kuwa gumu. Kampuni ya Giant ya Taiwan, na baada yake nyingine nyingi, zilieneza fremu ambazo bomba lake la juu huteremka kuelekea kwenye kiti. Bomba la kiti likawa fupi, ingawa mwili wa mpandaji haukubadilika. Fremu ya namna hiyo yenye bomba la kiti la sentimeta 48 yaweza kumfaa mtu aliyezoea fremu ya zamani ya 54. Atakayeshikilia namba peke yake ataiacha baiskeli inayomfaa na kuinunua isiyomfaa.

Dawa yake imo katika hisabati. Mwanafunzi aliyefundishwa majira ya nukta na achukue katikati ya mhimili wa pedali kuwa asili, yaani sifuri. Kisha atafute mahali pa ncha ya juu ya bomba la mbele, lile lipitiwalo na shingo ya usukani. Umbali wa kwenda juu tuuite kimo, na umbali wa kwenda mbele tuuite mfikio. Baiskeli isimamishwe wima juu ya sakafu iliyo sawa. Kimo hupatikana kwa kupima urefu wa ncha ile kutoka sakafuni na kutoa urefu wa mhimili. Mfikio hupatikana kwa kuteremsha uzi wenye jiwe kutoka katikati ya ncha ile, kisha kupima kwa ulalo kutoka usawa wa mhimili hadi kwenye uzi. Fremu yenye kimo cha 57 na mfikio wa 37 itamkalisha mtu wima zaidi kuliko yenye 54 na 38, hata kama zote mbili zimebandikwa namba moja.

Mwili nao upimwe. Mtu asimame peku, mgongo ukutani, abane kitabu kigumu kati ya mapaja na kukivuta juu kadiri iwezekanavyo; urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu ndio urefu wa ndani wa mguu. Kwa fremu za zamani zenye bomba la juu lililolala, urefu huo ukizidishwa kwa 0.65 hutoa kadirio la bomba la kiti, kutoka katikati hadi katikati. Ukizidishwa kwa 0.883 hutoa kimo cha kiti kutoka katikati ya mhimili. Kanuni hiyo ilienezwa na Cyrille Guimard wa Ufaransa pamoja na Greg LeMond wa Marekani, mshindi wa Tour de France ya 1986, 1989 na 1990. Mwenye mguu wa sentimeta 80 atapata 52 na 70.6. Haya ni makadirio ya kuanzia tu.

Kiti huweza kupandishwa na kushushwa, na shingo ya usukani hubadilishwa, fremu haibadiliki. Iliyo ndefu mno humfanya mpandaji ajinyooshe hata shingo na viganja vimuume. Iliyo juu mno humzuia kukanyaga chini kwa miguu yote miwili anaposimama ghafla, ng'ombe wakikatiza barabara. Kiti kikiwa chini mno, goti hupata taabu kila mzunguko wa pedali.

Uzi uleule utafichua pia fremu iliyopinda. Ufungwe penye mhimili wa gurudumu la nyuma upande mmoja, uzungushwe mbele ya bomba la mbele, urudishwe upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti iwe sawa kulia na kushoto. Ikitofautiana kwa milimita kadhaa, fremu imekwenda upande. Rangi iliyojikunja au kupasuka nyuma ya bomba la mbele ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu.

Yuko atakayesema kwamba mtu wa kipato kidogo hana nafasi ya kuchagua, huchukua kilichopo. Lakini huyo ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Tepu ya fundi cherehani ni rahisi kuliko tairi moja, na mwenye kujua ila ya kitu hupata hoja ya kupunguziwa bei. Isitoshe, Kanda ya Ziwa ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa waliweka watu wao wa kuhakiki mizani ya wanunuzi. Juhudi hizo zilikuwa miongoni mwa chimbuko la ushirika wa VFCU ulioanzishwa mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wajukuu wa watu waliokataa kuuza kwa mizani ya mtu mwingine wasinunue kwa namba ya mtu mwingine.

Walimu wa hisabati na fizikia hawahitaji maabara mpya kwa kazi hii. Baiskeli zimo uani mwa shule. Kila kikundi kipewe moja, tepu, uzi na jiwe; wanafunzi wapime kimo na mfikio, walinganishe majibu, na waeleze kwa nini yamepishana. Kisha kila mmoja aandike katika daftari lake urefu wa ndani wa mguu wa mzazi au ndugu yake, ili siku ya kwenda sokoni daftari hilo lichukuliwe pamoja na fedha.