Kuungama Dhambi Ileile Si Unafiki

Makala iliyodai kwamba Mkatoliki anayeungama dhambi ileile kila mwezi ni mnafiki, na heri abaki nyumbani, imepotosha. Mnafiki huficha kosa lake. Anayepiga magoti kwenye kiti cha kitubio hulitaja kwa kinywa chake mwenyewe.

Kanisa halimdai mtu uhakika kwamba hataanguka tena. Linamdai majuto na kusudi la kweli la kuacha dhambi. Mama aliyemfokea mwanawe asubuhi, akaungama jioni, kisha akarudi kumwomba mtoto radhi, ana kusudi hilo, hata kama wiki ijayo ulimi utamponyoka.

Hata kwenye Komunyo Kanisa halidai ukamilifu. Mwaka 1905 Papa Pius X alihimiza waamini wakomunike hata kila siku, mradi wawe katika hali ya neema na nia njema. Mwenye dhambi ya mauti aungame kwanza. Dhambi nyepesi hazimfungii mtu mlango. Tena katika kila Misa, padre na waamini hukiri kwa sauti kwamba hawastahili, ndipo hukomunika.

Ndugu uliyevunjwa moyo na makala ile, usibaki nyumbani. Nenda ukaungame.