Barua ya Wazi kwa Meya wa Bunia: Jumapili Moja kwa Mwezi kwa Ajili ya Ini

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Bunia
Nakala kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo la Ituri

Yahusu: Ombi la kuifunga Boulevard de la Libération kwa magari na pikipiki Jumapili moja kila mwezi, ili wakazi watembee, wakimbie na kupimwa afya zao

Mheshimiwa Meya,

Alfajiri ya Jumapili, kabla wamotari hawajaanza kugombea abiria, vijana wa Bunia hufanya futingi kwenye boulevard. Hukimbia kwa vikundi, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Jua likishapanda, barabara inarudi mikononi mwa injini. Mama wa miaka hamsini ambaye daktari amemwambia atembee kwa sababu ya sukari yake haoni pa kupita: pembeni kuna meza za wachuuzi na mitaro, katikati kuna pikipiki, na nje ya mji hakuendeki kwa sababu ya usalama. Anarudi nyumbani, anakaa.

Barua hii inaomba mama huyo apewe njia. Sababu za kumpa ni nyingi, lakini hapa inatajwa moja ambayo ni nadra kusikika katika mazungumzo ya mji: ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu inayotoka tumboni na utumboni hupita kwanza humo kabla ya kusambaa mwilini. Ini huweka akiba ya sukari na kuitoa inapohitajika, hutengeneza protini za kugandisha damu, huchuja pombe, dawa na sumu. Kazi yote hiyo hufanyika kimya, na ugonjwa wake pia huja kimya. Wengi hufika hospitali tumbo limeshajaa maji na macho yamekuwa ya manjano, wakati ambapo daktari amebakiwa na machache ya kufanya.

Katika Ituri, akitajwa mgonjwa wa ini, watu hufikiria mambo mawili: hepatiti B na lotoko, pombe kali ya kienyeji. Hawakosei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na hepatiti B ya kudumu, na karibu milioni 65 kati yao walikuwa Afrika. Lotoko na bia havihitaji kuelezwa. Kuna pia sumu ya ukungu, aflatoksini, inayotokea kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ikikutana na hepatiti B katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi kuliko ingekuwa kwa kila moja peke yake.

Lakini lipo jambo lingine, nalo linakua pamoja na miji: mafuta ndani ya ini.

Mafuta yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli za ini, madaktari huhesabu kwamba ini limeingiliwa na mafuta. Makadirio ya sasa yanasema karibu watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana hali hiyo, na wengi hawajui. Hawahitaji kuwa wanywaji. Inatosha kukaa kutwa nzima dukani au ofisini, kupanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi, kunywa sukre, yaani soda, kila siku, na kuacha kisukari kiingie polepole. Hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Bunia imepanuka haraka, na maisha ya aina hiyo yamepanuka pamoja nayo.

Kwa baadhi ya watu mafuta hayo hukaa bila kishindo. Kwa wengine huamsha inflamesheni, yaani uvimbe wa ndani. Ndani ya ini wamo walinzi, seli za Kupffer, ambao kazi yao ni kumeza vijidudu na uchafu unaoletwa na damu kutoka utumboni. Seli za ini zikizidiwa na mafuta huanza kuumia na kufa. Walinzi hao hupokea ishara za maumivu na kutoa kemikali za kuita askari wengine. Moto mdogo huo ukiwaka kwa miaka, ini hujitengenezea makovu. Makovu yakijaa, hiyo ni sirosisi, na sirosisi ni mlango wa saratani. Kwa mtu ambaye tayari anaishi na hepatiti B, kisukari na pombe huongeza mzigo juu ya mzigo.

Hapo ndipo miguu inapoingia, Mheshimiwa Meya, na ushahidi wake ni wa vipimo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwaendeshesha baiskeli watu wanene waliozoea kukaa, kwa wiki 4 tu. Mizani haikusogea, lakini mafuta ndani ya maini yao yalipungua kwa asilimia 21. Matokeo haya yana maana kubwa kwa kila anayeacha mazoezi kwa kukata tamaa kwamba uzito haushuki: ini linafaidika hata pale mizani isipoonyesha kitu.

Mwaka 2016 yakaja matokeo kutoka Xiamen, China. Watu 220 wenye vitambi na mafuta kwenye ini waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilikimbia polepole kwa miezi sita kisha likatembea haraka kwa miezi sita mingine, la pili likatembea haraka mwaka mzima kwa nusu saa, siku 5 kwa wiki, na la tatu likaendelea na maisha yake. Baada ya mwaka mmoja, mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa waliokimbia na kwa waliotembea, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya kuhesabika. Kutembea kulitosha. Mwaka 2023 watafiti wa Penn State, Marekani, walikusanya majaribio 14 na kukuta kwamba asilimia 39 ya waliopangiwa mazoezi ya kipimo cha kutosha walipunguza mafuta ya ini kwa kiwango chenye maana kitabibu, dhidi ya asilimia 26 ya waliopangiwa kipimo kidogo zaidi. Na kipimo kilichotosha kilikuwa sawa na dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki. Ni zile zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote wasipungukiwe nazo.

Njia yenyewe inaeleweka. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini ya mtu imeanza kupoteza nguvu. Sukari ikipata pa kwenda, ini halilazimiki kuigeuza kuwa mafuta. Mafuta ya kitambi nayo huchomwa, na kiasi kinachomiminika kuelekea ini hupungua.

Kuhusu inflamesheni, jaribio lililofanyika Copenhagen, Denmark, na kuchapishwa mwaka 2003 linastahili kujulikana hadi komini ya Nyakasanza. Vijana wenye afya walidungwa kiasi kidogo cha sumu ya bakteria ili kuchokoza kinga zao. Waliokuwa wamepumzika, kemikali ya uvimbe iitwayo TNF ilipanda mara mbili hadi tatu katika damu yao. Lakini vijana walipoendesha baiskeli kwa saa tatu, kupanda huko hakukuonekana. Profesa Bente Klarlund Pedersen na wenzake walieleza kwamba msuli unaofanya kazi humwaga ndani ya damu vitu vyake wenyewe, na baadhi ya vitu hivyo huizuia TNF na kuamsha kemikali za kutuliza. Mtu anayetembea haraka kutoka mtaa wa Mudzipela hadi katikati ya mji hatafuti pumzi peke yake. Misuli ya mapaja yake inatuma ujumbe hadi kwenye ini.

Ukweli mwingine usemwe wazi, ili mtu asidanganyike. Mazoezi hayaui virusi vya hepatiti B. Hayafuti madhara ya chupa ya lotoko ya kila jioni. Hayachukui nafasi ya chanjo ya watoto, wala ya dawa alizoandika daktari. Mwenye homa na macho ya manjano anahitaji kupumzika na kupimwa, si kukimbia. Mwenye sirosisi iliyokomaa asianze mazoezi mazito bila kumwona daktari, kwa sababu mishipa ya koo lake la chakula inaweza kuvuja damu.

Wapo pia watu ambao barua hii haithubutu kuwaambia wakimbie. Wakulima wa Djugu waliokimbilia Kigonze na maeneo mengine ya wakimbizi wa ndani walikuwa wakilima kutwa. Sasa wanakaa chini ya maturubai, na mlo wao hautoshi. Mtoto wao mwenye kwashiorkori naye ana mafuta kwenye ini, ila yake yameletwa na njaa. Dawa ya huyo ni chakula na amani. Hata hivyo, vijana wa maeneo hayo wanapiga mpira wa vitambaa popote wanapopata nafasi, na wanastahili kiwanja kama watoto wengine wa mji.

Ombi hili lina mfano wa karibu. Kigali, mji wa vilima vingi kuliko Bunia, ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake Jumapili asubuhi. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Watu hutembea, hukimbia, huendesha baiskeli, kisha hupimwa bure shinikizo la damu na sukari papo hapo barabarani. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Tanzania, kupitia Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, iliwaita wananchi wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi kupambana na magonjwa yasiyoambukiza.

Bunia yenyewe imeshaonyesha kwamba inaweza. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ndoo za maji ya klorini zilisimama mbele ya maduka, makanisa na shule, na watu wakajifunza kunawa na kusalimiana bila kushikana mikono. Na tangu zama za Mobutu, kila Mkongomani anajua salongo: kazi zinasimama, watu wanatoka na majembe na mafagio kusafisha mazingira yao. Mji unaosimama kwa ajili ya mitaro unaweza kusimama kwa ajili ya maini ya watu wake.

Kwa hiyo ofisi yenu inaombwa mambo manne.

La kwanza, boulevard ifungwe kwa vyombo vya moto Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, isipokuwa magari ya wagonjwa na ya usalama. Ulinzi upangwe na polisi mapema, kwa sababu katika jimbo lililowekwa chini ya hali ya dharura Mei 2021, watu hawatatoka wasipohakikishiwa usalama. Chama cha wamotari kishirikishwe tangu mwanzo, ili kisione siku hiyo kama adhabu, na njia za pembeni zibaki wazi kwa wateja wao.

La pili, Divisheni ya Afya iweke meza za kupima shinikizo la damu, sukari na hepatiti B, ikishirikiana na Hospitali Kuu ya Rufaa na wanafunzi wa shule za udaktari na uuguzi zilizopo mjini. Anayekutwa na tatizo aandikiwe pa kwenda siku ya pili, wala asiachwe na hofu mkononi.

La tatu, viwanja vya mpira vilivyobaki katika komini za Mbunya, Nyakasanza na Shari viorodheshwe na kulindwa, visikatwe kuwa parseli. Watoto wanahitaji mwendo wa dakika 60 kila siku, na hawawezi kuupata darasani.

La nne, redio za mji zipewe ujumbe mfupi kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema na Kialur: tembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, punguza sukre, acha lotoko, anika karanga zikauke vizuri na utupe zenye ukungu, pima hepatiti B.

Gharama kubwa ya haya yote ni uamuzi, na uamuzi huo uko katika ofisi yenu. Barua hii inaomba jibu la wazi kupitia redio, lenye tarehe ya Jumapili ya kwanza.

Kwa heshima zote.