Afisi Bila Kuta

Imekuwa ada siku hizi, Nairobi na hata huku kwetu Mombasa, shirika likipata fedha kidogo humwita fundi akavunja kuta za afisi. Vyumba huondolewa, meza ndefu zikapangwa ukumbini, na wafanyakazi wakaambiwa kwamba tangu leo hakuna mwenye pahali pake. Ajaye asubuhi na aketi apatapo. Sababu itolewayo ni njema: watu wakionana watasemezana, na wakisemezana watashirikiana.

Nia hiyo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kudhani kwamba ukuta ndio uliokuwa ukiwafunga watu midomo.

Jambo lenyewe si geni. Ujerumani, katika miaka ya 1950, ndugu wawili wa ukoo wa Schnelle waliziondoa kuta, wakazipanga meza kwa kufuata jinsi karatasi na maneno yalivyopita baina ya mtu na mtu. Marekani naye Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller alitoa samani za afisi mwaka 1964, na mwaka 1968 akaleta viambaza vyepesi vya kuhamishwa, ili mfanyakazi ajigeuzie pahali pake atakavyo. Wenye makampuni walivipenda, ila si kwa alilolikusudia: walivipanga mraba mraba wakawatia watu humo kama kuku tunduni, maana nafasi ni ghali.

Kisha mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha uchunguzi wa makampuni mawili yaliyohamia afisi za wazi. Wafanyakazi walivishwa vyombo vidogo vya kupima nani anaonana na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kiasi cha asilimia 70, na barua pepe zikazidi. Naam, yalipungua!

Mimi sikustaajabu. Niliwahi kuketi miaka kadhaa katika ukumbi wa gazeti, mkubwa wetu ametukabili kama msimamizi wa mtihani. Kwa kuwa tulijua twaangaliwa, kila mmoja alijitia shughuli. Habari za maana tulizungumza chini ngazini, kwa muuza kahawa.

Mtu ataniuliza: mbona chuoni mlisoma pamoja kwa sauti, kila mtoto na sura yake, na mwalimu akamsikia aliyekosea? Kweli. Lakini pale tulikuwa tukihifadhi yaliyokwisha kuandikwa. Kutunga ni kazi nyingine. Beti zangu nilizitunga ndani, usiku, kisha nikazitoa barazani wenzangu wakazichambua, wakati mwingine bila huruma.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua hilo. Dakani pana viti vya mawe kulia na kushoto. Apitaye husalimu, akapenda huketi. Ukipita daka wakuta kiwanda, nacho ni uwanja usio na paa, si pahali pa mitambo. Kisha misana, kisha ndani, asikofika kila mtu. Kadiri uendavyo ndivyo faragha izidivyo, na mwenye nyumba ndiye ajuaye leo akae wapi na nani.

Kule chuo cha MIT, Marekani, lilikuwako jengo la mbao lililojengwa mwaka 1943 kwa utafiti wa rada, likakusudiwa liwe la muda tu, lakini halikubomolewa mpaka mwaka 1998. Lilisifika kwa uvumbuzi. Vyumba lilikuwa navyo, walakini aliyetaka kutoboa ukuta apitishe waya alitoboa. Uamuzi ulikuwa mkononi mwa afanyaye kazi.

Sasa tazama afisi za umma. Mwananchi aja na shauri la shamba la marehemu babake, au la maradhi ya mkewe. Akiketishwa mbele ya karani ukumbini, na foleni nzima nyuma yake imetega masikio, atasema nusu ya neno na kurudi alikotoka, na shauri lake halitatengenea.

Twawaomba wakuu, kabla fundi hajainua nyundo, makarani waulizwe kazi zao huenda vipi. Viachwe vyumba vyenye milango. Pahali pa kahawa pawe njiani, si mbele ya macho ya mkubwa. Na mkubwa naye, ikiwa ukumbi ni mzuri hivyo, na atoke chumbani mwake aje tuketi naye.