Waranti ya Dubai, kamera ya Kariakoo

HAKI YA MNUNUZI
Na Mwanaidi Shomari

Nikon ilipotoa kamera ya D600 Septemba 2012, kwa bei ya takriban dola 2,100 bila lenzi, wapiga picha wengi waliichangamkia. Kihisi chake kilikuwa kikubwa, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35, kina pikseli milioni 24, na bei ilikuwa ya chini kwa kamera ya daraja hilo. Haukupita muda mrefu, malalamiko yakaanza. Picha za anga au ukuta mweupe, zikipigwa kwa tundu dogo la lenzi, zilitoka na madoa meusi, mengi yakiwa kwenye kona ya juu kushoto. Mwenye kamera akiyasafisha, yanarudi.

Februari 2013 kampuni ilitoa ushauri: mwenye madoa ayapulize kwanza kwa kipulizio cha mkono, na yakigoma aipeleke kamera kituo cha huduma. Oktoba mwaka huohuo ikaja D610, kamera ileile kwa karibu kila kitu isipokuwa shata, yaani pazia linalofunguka na kujifunga mbele ya kihisi kila picha inapopigwa. Wenye D600 walielewa maana yake bila kuelezwa. Hata hivyo walisubiri mpaka Februari 2014 ndipo Nikon ikatangaza kwamba kamera zao zitakaguliwa, zitasafishwa na kuwekewa shata nyingine bure, hata kama waranti imekwisha. Machi 15 mwaka huo, siku ya haki za walaji, televisheni ya taifa ya China, CCTV, iliianika D600 katika kipindi chake cha kila mwaka ambacho makampuni hukiogopa. Mamlaka za Shanghai zikaagiza kamera hiyo iondolewe madukani, na Nikon ikaacha kuiuza China.

Aliyenunua D600 Septemba 2012 kwa waranti ya mwaka mmoja alikuwa ameshapoteza muda wake wa kudai miezi kadhaa kabla ya tangazo lile la 2014. Kwa maoni ya safu hii, kilichomwokoa ni kelele za wateja waliokuwa wengi, katika masoko ambayo kampuni haikuwa tayari kuyapoteza. Kadi ya waranti iliyokuwa ndani ya boksi haikufika huko.

Mnunuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, hana CCTV ya kumsemea. Mara nyingi hana hata kadi inayomhusu. Sehemu kubwa ya vifaa vya elektroniki vinavyouzwa katika mitaa hiyo huletwa na wafanyabiashara wanaovifuata Dubai, na kamera zimo. Kamera ni halisi, boksi halijafunguliwa, betri na chaja vipo. Tatizo ni kwamba waranti ya mwili wa kamera kwa kawaida hufungwa na nchi au ukanda ambao mtengenezaji aliukusudia. Ikivuka mpaka kwenye sanduku la mfanyabiashara, kamera inavuka lakini waranti inabaki.

Wamarekani wanalijua jambo hili vizuri. Tawi la Nikon la huko kwa miaka mingi limekuwa na msimamo wa kutogusa kabisa kamera ambayo haikuingizwa na wakala wake rasmi, hata mwenyewe akiwa tayari kulipia matengenezo kwa pesa taslimu. Kwetu mambo huenda kwa ustaarabu zaidi. Muuzaji anatabasamu, anaandika "waranti mwaka mmoja" kwa kalamu nyuma ya risiti, anagonga muhuri wa duka. Ni dhamana ya nani, hapo haijaandikwa. Siku kamera inapogoma kuwaka, mteja anaambiwa iende Dubai, na nauli ya kwenda na kurudi ni yake. Asipoiandikisha forodhani kabla ya kuituma, anaweza pia kujikuta akidaiwa kodi inaporudi, kana kwamba ameagiza kamera mpya.

Hapo bado hajakutana na orodha ya visivyohusika. Waranti za watengenezaji hulinda dhidi ya kasoro ya kiwandani, na kwa kawaida huacha nje maji, mchanga, kuanguka na kuvu ya lenzi. Mtu anayepiga picha Paje, Lamu au Tanga atatambua kwamba hiyo karibu ni orodha ya mazingira yake ya kazi. Kuvu hasa ni adui wa pwani. Huota kwenye vioo vya lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wenye unyevu, ikitandaza nyuzi kama za buibui, na fundi wa kampuni akiiona tu, mazungumzo ya kutengenezewa bure yameisha. Mwenye kamera asitegemee kubishana naye, bali anunue vifuko vya silika na aitoe kamera mkobani mara kwa mara.

Lakini si kila kinachoharibiwa na unyevu ni kosa la mtumiaji. Oktoba 2005 ilibainika kwamba vihisi vya CCD vilivyotengenezwa na Sony, vilivyokuwa ndani ya kamera za Canon, Nikon, Fujifilm, Olympus, Konica Minolta na nyinginezo, vilikuwa na hitilafu ya nyaya za ndani. Kamera ilitoa picha zilizopotoka rangi au haikutoa picha kabisa. Canon yenyewe ilieleza kwamba tatizo hujitokeza zaidi kamera inapotumiwa au kuhifadhiwa kwenye joto na unyevu mwingi. Watengenezaji walikubali kubadilisha vihisi hivyo bure hata baada ya waranti kwisha. Fundi asiye na habari hizo angemtazama mtu wa Mombasa na kumwambia: joto la kwenu hili, ulihifadhi vibaya. Ndiyo maana mtu anayedai matengenezo asiishie kusimulia dalili. Atafute kama mtengenezaji ametoa tangazo kuhusu modeli yake, na aangalie kama namba ya serial ya kamera yake imo.

Sheria nayo haimtazami mtengenezaji wa Tokyo peke yake. Kenya na Tanzania kila moja ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yenye asili katika sheria ya Uingereza ya 1893, na msingi wake ni kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa katika shughuli zake anabeba wajibu kuhusu ubora wake. Kenya imekwenda mbele: Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora huo hata kama hakutamka neno. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, ya kuisimamia. Kwa hiyo "ipeleke Dubai" lisiwe jibu la mwisho. Mkataba wa mnunuzi ni na duka lililochukua pesa, na lile tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halipaswi kumtisha mtu hadi asiulize.

Kuna pia ile stika ndogo juu ya skrubu: ikichanwa, waranti imekufa. Nchini Marekani, kwenye sheria ya waranti tangu 1975, tume ya biashara ya serikali ilizionya kampuni sita Aprili 2018 kuhusu masharti ya namna hiyo. Huku kwetu stika hubandikwa hata na duka lisilo na fundi.

Safu hii ingependa FCC na wenzao wa Nairobi wadai jambo dogo tu: yeyote anayeuza kamera kwa ahadi ya waranti aandike jina na anwani ya atakayeitengeneza, ndani ya nchi, na nani analipa usafiri ikibidi itoke. Anayenunua wiki hii asisubiri agizo hilo. Aombe risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye namba ya serial, na jioni hiyohiyo apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16 kutafuta madoa. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji fundi yuko mtaa gani. Akijibiwa "wewe ilete tu, tutaangalia," basi anauziwa kamera isiyo na waranti, na punguzo liombwe hapohapo.