Mlima Haujakosewa

Tunaambiwa jengo la utamaduni wa Kichina hupatana na mazingira likiwa dogo, la mbao, lenye paa lililopinda. Eti kampasi ya Xiangshan ya Chuo cha Sanaa cha China, kule Hangzhou, imeukosea mlima uliopo hapo kwa zege lake. Zege lipo, nani amekana? Lakini wasanifu wake, Wang Shu na Lu Wenyu, waliyasukuma majengo pembezoni, mlima ukabaki katikati, mashamba na mabwawa yakaachwa. Dai la mbao ndilo bovu kuliko yote. Mbao mpya zinatoka wapi kama si msituni? Xiangshan, kinyume chake, ilitumia vigae vya zamani zaidi ya milioni 2, vilivyookolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Hoja kwamba mlima umekosewa haina mashiko.